Begi la Redio la Jeshi: Namna ya Kulitambua Kabla Hujatoa Pesa

Tafuta mtandaoni begi la redio la jeshi la zamani, utaletewa mabegi ya turubai ya kijani yasiyo na idadi, karibu yote yakinadiwa kuwa ni ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukiyachunguza moja moja, hili kumbe ni la barakoa ya gesi, lile ni la simu ya waya, na la tatu ni la redio kweli, ila lilishonwa wakati wa vita vya Vietnam, zaidi ya miaka ishirini baada ya Hitler kushindwa. Wauzaji wengi hawadanganyi kwa makusudi, hawajui tu. Mnunuzi naye hajui, kwa hiyo bei inapangwa na rangi ya kitambaa na harufu ya ukale.

Maelezo haya ni ya mkusanyaji anayeanza, ni ya ndugu aliyeko Ulaya au Marekani anayepitapita kwenye maduka yanayouza vifaa vilivyoondolewa jeshini, na ni ya mjukuu aliyekuta mkoba wa babu yake aliyekuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles) la Waingereza, umekunjwa chini ya sanduku.

Kwanza tukubaliane begi la redio ni nini. Redio ya jeshi, ile ya kusema na kusikia ambayo huku kwetu tumezoea kuiita redio koli, haitembei peke yake. Ni seti. Ndani ya seti kuna chombo chenyewe, betri, antena moja au mbili, risiva ya mkono, visikizio vya kichwani, mikanda ya kubebea mgongoni, na mabegi. Chombo chenyewe kwa kawaida kilikaa ndani ya kasha la chuma na kubebwa kwa mikanda, bila kuhitaji begi lolote. Begi lilikuwa la vikorokoro vyake: antena zilizokunjwa, risiva, visikizio, pengine betri ya akiba. Mabegi mengi unayoyaona sokoni ni ya aina hiyo. Ndiyo maana watu hununua "begi la redio" halafu wanashangaa redio haiingii ndani. Haikukusudiwa kuingia.

Shika jambo hili moja, mengine yote yatakaa sawa: begi lilishonwa kufuata vifaa. Aliyelichora alikuwa na risiva na antena mezani, akakata kitambaa kwa vipimo vyake. Hakuna mfuko wa ndani uliowekwa kwa urembo, wala mkanda mdogo usio na kazi. Kwa hiyo kulitambua begi ni kujibu swali moja: vitu gani vilikuwa vinakaa humu?

Mabegi ya Marekani ndiyo mepesi kuanza nayo, kwa sababu karibu kila kipande cha seti kilipewa jina lake la herufi na namba, na jina hilo likapigwa mhuri kwenye kitambaa. Wakati wa Vita vya Pili kikosi chao cha mawasiliano kiliita seti nzima SCR, chombo chenyewe BC, begi BG, kasha CS, betri BA, risiva TS, visikizio HS na antena AN. Chukua SCR-300, redio maarufu ya kubeba mgongoni iliyotengenezwa na kampuni ya Galvin ya Chicago, ambayo baadaye ilijiita Motorola. Chombo chake ni BC-1000. Risiva yake ni TS-15, visikizio ni HS-30, antena fupi ni AN-130 na ndefu ya kukunja ni AN-131. Begi la kubebea vikorokoro hivyo ni BG-150. Ukikuta BG-150 kwenye turubai, umeshajua ni la seti gani, ni la wakati gani kwa kukadiria, na ndani yake kulitakiwa kuwe na nini.

Mwaka 1943 jeshi la nchi kavu na jeshi la majini la Marekani yakaanza kutumia mfumo mmoja wa majina, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Majina mapya ya seti yanaanza na AN na mkwaju (/), kisha herufi tatu na namba: AN/PRC-10, AN/PRC-25, AN/PRC-77. Herufi P inasema kifaa kinabebwa na mtu, R ni redio, C ni mawasiliano. Mabegi na vifuniko vya kitambaa vikawa CW, mikanda ST, antena AT, risiva na visikizio H, makasha magumu CY. Tazama mtego uliopo: AN-130 bila mkwaju ni antena ya mfumo wa zamani. AN/PRC-25 yenye mkwaju ni seti nzima ya mfumo mpya. Nimeshaona kitu cha kwanza kikiuzwa kwa maelezo ya kitu cha pili, na mnunuzi akalipa.

Baada ya mkwaju ndipo penye habari nyingine muhimu. CW-503/PRC-25 ni begi namba 503, lililobuniwa kwa ajili ya PRC-25. Lakini H-138/U ina U tu baada ya mkwaju, maana yake ni kifaa cha matumizi ya jumla, hakikufungwa kwenye seti moja. CW-216/PR, begi la familia ya PRC-8, PRC-9 na PRC-10, inaishia kwenye PR bila namba kwa sababu hiyohiyo: lilihudumia ndugu kadhaa. Herufi inayofuata namba, kama A kwenye AT-271A, inaonyesha kifaa kiliwahi kurekebishwa baada ya toleo la kwanza.

Aliyewahi kutafuta spea ya gari ataelewa haraka. Namba iliyo kwenye spea si namba ya gari lako. Ni ya ile spea, na wenzake wengi wa aina hiyo wanayo hiyohiyo. Tena spea iliyotengenezwa kwa Corolla ya mwaka fulani inaweza kufungwa kwenye Corolla iliyofuata bila jina kubadilika. CW-503/PRC-25 ni hivyo. PRC-77 ilipoingia kazini mwaka 1968 kuchukua nafasi ya PRC-25, begi liliendelea kutumika na jina lake la zamani. Kwa hiyo anayekuambia begi hili lilibebwa na PRC-25 kwa sababu limeandikwa hivyo anakisia. Na anayesema namba iliyopigwa mhuri ni namba ya askari au namba ya pekee ya begi amekosea kabisa.

Tuje kwenye umri. Kwenye vifaa vya Marekani vya Vita vya Pili tafuta mstari wa agizo wenye neno PHILA, yaani bohari ya Philadelphia, ukifuatiwa na tarakimu mbili. PHILA-43 ni agizo la 1943. Kwenye vifaa vya miaka ya 1960 na kuendelea tafuta namba ya mkataba inayoanza na DSA au DAAB, kisha tarakimu mbili za mwaka katikati, mfano 67. Huo ni mwaka wa mkataba. Begi lenyewe linaweza kuwa limeshonwa mwaka uliofuata. Herufi DLA badala ya DSA zinamaanisha 1977 au baadaye, kwa sababu ndipo idara hiyo ya ugavi ilipobadilishwa jina.

Kisha kuna namba ya ghala. Kwa Wamarekani ilikuwa na tarakimu 11 hadi 1974, ilipoongezwa mbili ikawa 13. Begi lenye tarakimu 11 lina uwezekano mkubwa kuwa la kabla ya mabadiliko hayo, ingawa mhuri wa zamani uliweza kuendelea kutumika kidogo. Tahadhari: kanuni hii ni ya Marekani tu. Waingereza walianza moja kwa moja na tarakimu 13, zile mbili zinazofuata nne za mwanzo zikiwa 99, alama ya nchi yao. Begi la Uingereza lenye tarakimu 13 laweza kuwa la zamani kuliko la Marekani lenye idadi hiyohiyo.

Tarakimu nne za mwanzo ndizo ninazozipenda kuliko zote, maana zinamaliza ubishi kwa sekunde chache. Zinataja kundi la kifaa. 5820 ni redio za mawasiliano. 5965 ni risiva, visikizio na maikrofoni. 5985 ni antena. Lakini 5805 ni simu, 4240 ni barakoa na vifaa vya usalama, 6545 ni vifaa vya tabibu. Muuzaji akikuandikia begi la redio na picha inaonyesha 4240, huna haja ya kuendelea kusoma tangazo. Yapo mabegi machache ya redio yaliyowekwa kwenye kundi la mabegi ya kawaida, kwa hiyo kukosa 5820 peke yake si hukumu. Kuwa na 4240 ni hukumu.

Sasa tusome mhuri mmoja mzima. Tuseme mstari wa kwanza ni BAG, COTTON DUCK, CW-503/PRC-25. Chini yake kuna tarakimu 11 zinazoanza na 5820, na chini kabisa mkataba wa DAAB wenye 67. Umeambiwa kwamba ni begi la turubai la pamba, la vikorokoro, lililobuniwa kwa PRC-25, kwa mkataba wa 1967, kabla ya PRC-77 kuingia kazini. Ndani inatakiwa ienee antena ndefu ya AT-271A, ambayo ikinyooshwa ni kama mita tatu na hukunjika vipande vipande vinavyoshikwa na waya wa ndani, pamoja na risiva na waya wake uliojikunja. Ukipima mfuko wa antena ukakuta ni mfupi kuliko kipande kimoja cha antena iliyokunjwa, mhuri unasema jambo moja na mshono unasema jingine. Amini mshono.

Kwa Waingereza mambo ni tofauti. Redio zao za Vita vya Pili ziliitwa kwa namba tu: Namba 18 na Namba 38 za askari wa miguu, Namba 19 ya vifaru na magari, Namba 22. Mabegi yake hayakuandikwa jina la seti mara zote. Utakachokuta ni neno kama SATCHEL (mkoba), pengine namba inayoanza na ZA, ambayo katika orodha yao ya ghala ilikuwa ya vifaa vya redio, ilhali YA ilikuwa ya simu na waya. Ukikuta ZA, tulia; uko mahali pazuri.

Redio Namba 38 inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu shanta yake imepotosha wengi. Redio ilivaliwa mwilini, lakini betri ilikaa kwenye shanta ya pembeni, zikaunganishwa kwa waya. Shanta ya betri ikiwa tupu ni mfuko wa turubai usio na mvuto wowote. Alama ya kutafuta ni njia ya waya: tundu au pembe iliyoachwa wazi chini ya mfuniko, ambayo begi la chakula au la risasi halina sababu ya kuwa nayo. Redio Namba 19 nayo ilikuwa na vipande vya antena vya kuchomekana vyenye urefu wa zaidi ya mita moja, na mifuko mirefu myembamba ya kuvibebea leo huuzwa kama mifuko ya fimbo za kuvulia samaki.

Waingereza walipiga alama ya mshale mpana, mistari mitatu inayokutana juu kama unyayo wa kuku, pamoja na mwaka na jina la kiwanda lililofupishwa. M.E.Co. ni Mills Equipment Company. Nchi zilizokuwa chini yao zilikuwa na mshale wao: Kanada waliuweka ndani ya herufi C, Afrika Kusini ndani ya U, Australia katikati ya D mbili, na India waliweka herufi I chini yake. Hili linatuhusu sisi. Vita vya Afrika Mashariki vya 1940 na 1941 dhidi ya Waitalia vilipiganwa na askari wa KAR bega kwa bega na Waafrika Kusini, na majeshi ya India yalikuwa upande wa Eritrea. Baadaye, mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, ikipokea vifaa kupitia India. Mkoba wenye U au I uliokutwa Machakos au Songea si kitu cha ajabu, wala si ushahidi kwamba umenunuliwa juzi kutoka nje. Mara nyingi ndio wenye historia nzito kuliko ule unaong'aa dukani, na ningependa wajukuu wajue hivyo kabla ya kuutupa.

Mhuri ukiwa umefutika, fungua begi. Mfuko mpana wenye kina unaobana juu ni wa risiva. Vimikanda viwili vilivyopangwa kwa mstari mmoja vilishika fimbo ya antena. Ugumu wa kadibodi au ubao chini unaashiria betri nzito, na madoa meupe au ya kijani yaliyokula kitambaa hapo chini ni betri iliyovuja. Hayo usiyasugue kwa mikono mitupu.

Rangi pia husema, ila kwa sauti ndogo. Turubai la Wamarekani lilikuwa la khaki inayoelekea manjano hadi karibu 1943, likageuka kijani iliyokolea. Kuna mabegi ya rangi mbili, mwili wa khaki na mikanda ya kijani, kwa sababu viwanda vilitumia kitambaa kilichobaki. Hayo ni halali kabisa. Kwa Waingereza rangi inadanganya zaidi, kwani askari walipaka mikanda na mikoba dawa ya rangi waliyoiita Blanco, na tabaka hilo linaweza kuficha hata mhuri. Vifungio vina ukweli zaidi. Velkro ilipata hataza miaka ya 1950. Begi "la 1944" lenye velkro ama si la 1944 ama lilipitia kwa fundi cherehani. Kitambaa cha nailoni kwenye begi la vikorokoro kinakupeleka Vietnam au mbele yake.

Mabegi yanayofananishwa na ya redio ni mengi, lakini mawili ndiyo yanaongoza. La kwanza ni la barakoa ya gesi. Lile la Kisovieti la barakoa ya GP-5, la rangi ya udongo na vifungo vya kawaida, limejaa dunia nzima, na barakoa yenyewe ilikuwa ya raia wala si ya askari. Begi la barakoa hutambulika kwa umbo: lina kina, mdomo mpana, mgawanyo ndani, na vijifuko vidogo vya kopo la dawa ya kioo. Halina mahali pa kitu kirefu. La pili ni la simu ya waya. EE-8 ya Marekani ilikaa kwenye mfuko wa ngozi mwanzoni, kisha wa turubai, na mrithi wake TA-312 naye ana mfuko wake. Dalili ni tundu la pembeni la mkono wa kuzungushia na nafasi ya kupitisha nyaya mbili za laini. Ni vifaa vizuri vya kukusanya, vina historia yake, lakini havina uhusiano na antena.

Mabegi mapya yanayotengenezwa leo kwa ajili ya watu wanaoigiza vita vya zamani ni halali, ila yakipita mikono mitatu yanageuka "ya asili". Mengine yana mhuri sahihi na mwaka sahihi. Yapime kwa kifaa halisi au kwa vipimo vyake. Tazama kitambaa sehemu zilizokutana na chuma: begi lililofanya kazi limeacha alama ya bakli na kutu iliyoingia ndani ya nyuzi, haikukaa juu juu. Wapo wanaotumia tochi ya miale ya urujuanimno: uzi wa kisasa wenye polista na vitambaa vyenye dawa za kung'arisha huwaka kwa rangi ya buluu, pamba ya miaka ya 1940 haiwaki. Kipimo hiki ni kizuri lakini watu hukitukuza kupita kiasi. Begi halisi likifuliwa mara moja kwa sabuni ya unga ya leo linawaka pia, kwa sababu sabuni ina dawa hizohizo. Hiyo nayo ni sababu ya kutofua. Brashi laini, kivuli na hewa vinatosha. Maji ya moto na jiki huondoa wino wa mhuri, na mhuri ndio nusu ya thamani.

Kuna jambo la sheria ambalo wakusanyaji wa huku hawawezi kulipuuza. Agosti 2023 JWTZ, jeshi la Tanzania, lilitoa siku saba kwa raia wenye sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo kuzisalimisha. Nchini Kenya nako kuvaa sare za majeshi bila ruhusa ni kosa. Begi la turubai la kijani lisilo na madoadoa si sare, lakini mtu aliye kwenye ukaguzi wa mizigo huenda asilione hivyo. Kabla ya kuagiza kutoka nje uliza forodha na polisi, epuka chochote chenye mabaka ya jeshi, na usilivae begi barabarani. Likae kabatini au kwenye maonyesho likiwa na maelezo yake.

Ukikwama, uliza wenye uzoefu, lakini uliza vizuri. Picha ya begi limefungwa haimsaidii mtu. Piga picha ya mhuri kwa mwanga wa pembeni ili wino uliofifia uonekane. Piga ndani, mfuniko ukiwa wazi na rula ikiwa imelazwa kando ya mifuko. Piga vifungo na bakli kwa karibu, nyuma na mbele, kwani jina la kiwanda mara nyingi limechorwa upande wa nyuma. Na kama begi limetoka kwenye familia, andika alikuwa nani, kikosi gani na alikwenda wapi, hata kama unajua jina la mji mmoja tu.